Je, Yasmin Alipaswa Kumngoja Denge? Wasomaji wa Tanga na Riwaya ya Vuta N'kuvute (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita nilieleza jinsi hadithi ya mapenzi ilivyofunga ndoa na hadithi ya upelelezi katika Kiswahili, tangu Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, akafuata Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, hadi Elvis Musiba na Willy Gamba wake. Leo nakaa na kitabu kimoja tu. Nimekichagua kwa kuwa hakuna kingine kinachozusha ubishi kama hicho kila ninapozungumza na wasomaji wa Tanga, Muheza na Pangani. Nacho ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999.

Kwa ambaye hajakisoma, kisa ni hiki. Tuko Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, ameozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyekwisha kupita miaka 50. Hakuulizwa. Ndoa inamkaa kooni mpaka anamkimbia mume, na jamaa zake wanapomfungia mlango anakwenda Ng'ambo kupokewa na Mwajuma, mwanamke Mwafrika asiye na mali, mpenda taarabu, mwenye moyo mpana kuliko chumba anachokaa. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, akarudi, na sasa anaupigania uhuru kwa siri huku akiwindwa na Inspekta Wright na Koplo Matata. Wanapendana. Lakini jela na ukimbizi vinawatenganisha, na mwishowe Yasmin anaolewa na Bukheti, kijana waliyefahamiana Mombasa. Kitabu kinatoka Unguja kikavuka hadi Mombasa, Dar es Salaam na hapa petu Tanga.

Nimefichua mwisho kwa makusudi, kwani ubishi wote uko huko. Je, Yasmin alipaswa kumngoja Denge?

Vijana wengi wa shule, wavulana hasa, wanasema ndiyo. Wameshikamana na Denge kuanzia ukurasa anaotokea, wameruka naye dirisha, wamehema naye gizani, na wanapofika mwisho wakamkuta Yasmin mikononi mwa mwanamume mwingine wanaona kitabu kimewageuka. Hoja yao ina nguvu. Mwandishi aliwafundisha kwa kurasa nyingi kuamini kwamba mapenzi haya ni makubwa kuliko rangi, dini na sheria ya mkoloni. Sasa iweje yashindwe na umbali?

Kinamama hujibu kwa njia nyingine kabisa. Mmoja, mwalimu mstaafu wa upande wa Muheza, alimsikiliza mjukuu wake akilalamika kwa muda mrefu, kisha akamwambia: "Mjukuu wangu, wewe ungemgoja? Kwa miaka mingapi? Na ungekula nini?" Kijana hakuwa na jibu, na mimi nilitoka pale nikiwa na hakika kwamba maswali yale matatu ya bibi yalikuwa uhakiki mzito kuliko mengi niliyosoma katika vitini.

Kabla sijaamua niko upande gani, nataka kueleza kwa nini riwaya hii ya Unguja inasomwa Tanga kana kwamba iliandikwa Ngamiani.

Msomaji wa Dodoma au Mwanza anaweza kuhitaji kuelezwa maana ya Yasmin kutoka mtaa wa maduka ya Kihindi na kwenda kuishi Ng'ambo. Wa Tanga hahitaji. Mji wetu ulipangwa na Wajerumani, kisha Waingereza, kwa mstari unaoonekana kwa macho, nao ni reli. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka bandarini mwaka 1893, ikafika Muheza 1896 na Korogwe 1902, na njiani iliugawa mji. Upande wa bahari palikuwa na ofisi, maghala na maduka ya Wahindi, na kule Raskazone nyumba za Wazungu zilizokaa kwenye upepo. Upande wa pili palikuwa Ngamiani, barabara zake zikihesabiwa kwa namba, ya kwanza, ya pili na kuendelea, nyumba za Kiswahili zimebanana, na kila baraza ina watu wake. Wazee waliokulia miaka ile ya 1950 wanakumbuka vizuri nani alivuka reli asubuhi kwenda kazini na nani hakuwa na sababu yoyote ya kuvuka jioni. Binti wa Kihindi kuhamia kwa rafiki yake Mwafrika, akalala humo, akala humo, lilikuwa jambo la kuzungumzwa mji mzima. Ndiyo maana wasomaji wakongwe wa hapa, tofauti na wajukuu zao, husisimkwa zaidi na siku ile Yasmin anapoingia kwa Mwajuma kuliko wanavyosisimkwa na polisi wanaomfuata Denge. Kwao hatari ya kwanza ya riwaya ni kuvuka mtaa.

Taarabu nayo inawapa sikio ambalo wengine hawana. Tanga ndiyo iliyozaa Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoitoa taarabu katika uzito wa fidla nyingi vikaitia gitaa na mwendo wa dansi, na sauti ya Shakila Saidi, mwenyeji wa Pangani, ikasikika pwani nzima. Mtu aliyelelewa katika muziki ule anajua kwamba ukumbi wa taarabu ni mahali pa kusema yasiyosemeka mchana. Mwajuma anapomtoa Yasmin na kumwingiza katika starehe za Ng'ambo, msomaji wa Tanga haoni anasa. Anaona mafunzo. Binti aliyeambiwa anyamaze maisha yake yote amepelekwa mahali ambapo wanawake hutunza, hujibu mafumbo na kutoa ya moyoni mbele za watu.

Lakini kuna urithi mwingine wa Tanga unaovutia upande wa pili, nao ni Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akafariki 1962, akazikwa Machui, na vizazi vitatu vya wasomaji wa mkoa huu wamejifunza riwaya ni kitu gani kutoka kwake. Katika Utubora Mkulima na Adili na Nduguze, wema hujaribiwa, hustahimili, kisha hulipwa. Msomaji aliyekunywa maziwa hayo humpima Yasmin kwa subira. Anamwona amemkimbia mume, amependa kijana asiye na kazi wala ndoa, kisha hata huyo hakumngoja. "Hana adili," ndivyo nilivyosikia mzee mmoja akihukumu, na baraza nzima ikanyamaza kwa muda kwa sababu neno hilo, kwa watu wa hapa, ni zito.

Nafikiri mzee yule alimsoma Shaaban Robert nusu. Mwandishi huyohuyo ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwanamke maskini aliyetoka shamba la Fumba akaingia mjini Unguja, akadharauliwa kwa asili yake na sura yake, akainuka kwa sauti yake. Hakumhukumu kwa kuondoka alikotoka. Alimheshimu kwa kujitafutia nafasi. Mtu anayempenda Siti wa Shaaban Robert ana kila sababu ya kumsikiliza Yasmin wa Adam Shafi kwa uvumilivu zaidi.

Na kuna jambo la umri, ambalo wazee hulipita haraka na wasichana wa kidato cha tano hawalipiti kabisa. Miaka 15. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa umri huo aozwe kwa ridhaa ya mzazi, wakati mvulana alitakiwa afikishe 18. Rebeca Gyumi aliipeleka hoja hiyo Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi ule. Wasichana wanaosoma Vuta N'kuvute leo wameisikia kesi hiyo redioni na darasani. Wanapomsoma Yasmin na Raza hawasomi mambo ya kale ya Wahindi wa Unguja. Wanamsoma binti wa jirani, na wengine wanajisoma wenyewe.

Sasa nije kwenye kazi ya fundi, maana makala hii niliahidi iwe ya maelezo.

Taharuki ni hali ya msomaji kutaka kujua na kuogopa kujua kwa wakati mmoja. Mwandishi ana njia kubwa mbili za kuijenga. Anaweza kumficha msomaji jambo, kama afanyavyo Bwana Msa, ambaye hutufunulia mwuaji mwishoni tu. Au anaweza kumwonyesha msomaji jambo ambalo mhusika halijui vizuri, akamwacha mhusika aendelee kucheka. Adam Shafi anatumia zaidi njia ya pili. Tunajua mapema kwamba Denge anawindwa. Tunamjua Wright, tunamjua Matata. Kwa hiyo kila Yasmin anapofurahi, furaha yake inatuumiza, kwa sababu sisi tunasikia viatu ambavyo yeye bado hajavisikia. Mapenzi na hofu vimefungwa kamba moja. Ukiyavuta mapenzi, hofu inakuja nayo.

Hapa ndipo riwaya hii inapoachana na zile za Musiba na za John Simbamwene, aliyeandika Mwisho wa Mapenzi mwaka 1971. Katika hadithi za Willy Gamba, hatari ina mwili. Ni jasusi, ni genge, ni kikosi. Shujaa akikimaliza, hatari imekwisha na msomaji anafunga kitabu akiwa amepumua. Mwanamke katika hadithi hizo mara nyingi ni zawadi au ni mtego. Katika Vuta N'kuvute hatari ni dola. Hata Wright angepanda meli akarudi Uingereza kesho, angeletwa mwingine. Hata Matata angefukuzwa kazi, sare yake ingevaliwa na mwingine. Huwezi kuipiga dola risasi ukurasa wa mwisho ukaoa. Mwandishi alilijua hili kwa mwili wake, kwani baada ya Sheikh Abeid Karume kuuawa Aprili 1972, Adam Shafi alikuwa miongoni mwa waliotiwa ndani Unguja, na mambo ya gerezani ndiyo yaliyokuja kuzaa riwaya yake ya Haini mwaka 2003. Mtu aliyewahi kungoja nyuma ya mlango wa chuma hawezi kuandika kuhusu kungoja kwa wepesi.

Wapo wasomaji wanaolalamika kwamba siasa zinapunguza mwendo. Wanasema kila mapenzi yanapopamba moto, Denge na wenzake wanakaa kikao. Nakubali kwamba zipo kurasa ambazo mazungumzo ya vijana wale yanakuwa marefu kuliko haja, na mhariri mkali angepunguza hapa na pale. Lakini anayetaka siasa ziondolewe kabisa atabaki na nini? Atabaki na kijana mtanashati na binti mzuri, na hakuna sababu yoyote ya kuogopa. Taharuki yote inatoka kwenye vikao vile.

Malalamiko yanayoniumiza ni mengine, na hayasemwi na wasomaji bali yanasomeka kwenye madaftari yao. Kwa miaka mingi Vuta N'kuvute imekuwa miongoni mwa riwaya za kidato cha tano na sita, pamoja na Mfadhili ya Hussein Tuwa na Kufikirika ya Shaaban Robert. Nimeyaona madaftari ya vijana wetu, waliojaliwa shule zenye historia kuliko nyingi nchini. Kila daftari lina mafungu yaleyale, dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, muundo, mtindo, mandhari. Chini ya Yasmin imeandikwa kwamba ana msimamo na ni mwanamapinduzi. Chini ya Raza imeandikwa kwamba anawakilisha ukandamizaji. Fungu la taharuki, kama lipo, lina mistari miwili. Wengine hawajakifungua kitabu chenyewe, wamenunua kitini cha uhakiki mlangoni mwa duka la vifaa vya shule, wakakikariri, wakafaulu. Mtoto aliyesoma hivyo ukimwuliza kama Yasmin alipaswa kumngoja Denge hatakujibu, kwa sababu swali hilo halina fungu lake.

Nasema haya nikiwa na uchungu kwa sababu Tanga si mji wa juzi katika mambo ya kusoma na kujibizana. Gazeti la Kiongozi lilianza kutolewa hapa mwaka 1904, likichapwa katika shule ya serikali ya Kijerumani, na walioliandika walikuwa haohao waliolisoma, walimu na makarani waliotuma habari, barua na mashairi kutoka miji ya pwani na bara, mmoja akileta neno na mwingine akilijibu. Kabla yake, wamisheni wa Magila walikwisha kuwa na karatasi yao ya Habari za Mwezi. Watu wa mkoa huu wamezoea zaidi ya karne moja kwamba maandishi huja ili yajibiwe. Kitini cha uhakiki hakijibiwi. Kinamezwa.

Mwaka 2021 sinema ya kitabu hiki, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu bora ya kimataifa. Imeleta wasomaji wapya, jambo ninalolishukuru. Wanaoanzia huko wanakuja kitabuni wakiwa tayari na nyuso za Yasmin na Denge, na wanataka mapenzi ya wawili hao yawe ndiyo kitabu kizima. Wanapomkuta Bukheti wanamwona kama mgeni aliyeingia harusini bila kualikwa.

Basi nimtetee Bukheti, kwa kuwa sijaona anayemtetea.

Tumtazame Yasmin tangu mwanzo na kuhesabu mara ambazo aliulizwa anataka nini. Wazazi hawakumwuliza. Raza hakumwuliza. Jamaa waliomfungia mlango hawakumwuliza. Polisi walimtaka kwa sababu ya Denge. Na hata Denge, ambaye nampenda kama wanavyompenda vijana, alikuwa na ahadi kubwa kuliko Yasmin, na tangu siku ya kwanza hakuficha kwamba ikibidi kuchagua atachagua mapambano. Hilo ni haki yake, na nchi zinahitaji watu wa namna hiyo. Ila mwanamke aliyetoka kwenye ndoa ya kulazimishwa akaambiwa sasa angoje, bila tarehe, bila habari, kwa ajili ya jambo kubwa kuliko yeye, anarudishwa palepale alipokuwa kwa Raza. Maisha yake yamewekwa tena mikononi mwa mwingine. Kwamba safari hii mikono hiyo ni ya mtu mwema hakubadilishi hali ya anayengoja.

Bukheti hana hotuba. Hana siri, hakimbii, hakuna anayemfukuza, na kwa sababu hiyo msomaji wa taharuki anamwona baridi. Lakini katika kitabu ambacho kila mlango unaweza kubishwa usiku, mtu ambaye unaweza kulala ukijua kesho utaamka naye ni jambo kubwa. Anampenda Yasmin bila kumnunua na bila kumwomba ajifiche. Naye Yasmin anamkubali akiwa mtu mzima aliyekwisha kuona ndoa mbaya na mapenzi makali, anajua anachokiacha na anachokichukua. Katika riwaya nzima, ndoa hii ndiyo ya kwanza aliyoingia kwa miguu yake.

Vijana watanijibu kwamba huko ni kukata tamaa. Najua, kwa sababu wamekwisha kunijibu hivyo. Wanasema mwandishi alipaswa kumrudisha Denge, hata kwa ukurasa mmoja, hata kwa barua. Nawaelewa, na sitaki waache kumtaka Denge arudi. Mwandishi mwenyewe anataka tubaki na njaa hiyo, ndiyo maana hakutupa mazishi yake wala ushindi wake. Yasmin alipata mahali pa kufika. Denge hakupata, kama ambavyo vijana wengi wa kizazi kile hawakupata, waliotawanyika Cairo, Moscow, London na kwingineko, wengine wakarudi baada ya mwaka 1964 na kukuta nchi nyingine, wengine hawakurudi kamwe. Kumfunga Denge fundo zuri mwishoni kungekuwa kuwasahau hao.

Kinachobaki, na ambacho kinamama wa Tanga wamekuwa wakinisukuma nikiseme tangu nilipoanza mfululizo huu, ni kwamba mjadala wote wa Yasmin na wanaume wake unamwacha nje mtu aliyemfungulia mlango. Mwajuma ndiye aliyehatarisha chumba chake, jina lake na usingizi wake kwa ajili ya mtu asiye ndugu yake, na katika madaftari niliyoyaona amepewa mistari mitatu, ya kwanza ikisema ni mlevi wa starehe. Juma lijalo nitakaa naye yeye peke yake.

(Itaendelea)